Tumbo-Nyeupe, Tumbo-Nyeusi, na Direkta Wetu

Direkta wetu wa shule ya Karuba hakuwahi kujua jina langu. Nilisoma kwake klase ya tano na ya sita, nikaimba katika kwaya aliyoigombeza kila Jumapili, nikampelekea maharagi mlangoni, na siku zote hizo nilikuwa Dirisha, kwa sababu niliketi karibu na dirisha. Kaka yangu aliyeketi nyuma aliitwa Mlango mpaka siku ya harusi yake. Baba yangu mdogo, ambaye Direkta alimfundisha zamani kabla sisi hatujazaliwa, alikuwa Tablo, maana aliketi mbele kabisa, pua ikigusa ubao. Mtu mzima, mwenye ng'ombe zake na sauti yake kijijini, anapita barabarani anasikia, "Tablo, umeamkaje?" Naye anaitika. Ungefanya nini?

Lakini ndege, Yesu wangu, ndege aliwajua mmoja mmoja. Ungekuwa unamweleza msiba wa mtu, naye anainua kidole anakunyamazisha, anasikiliza kitu kwenye ua wa miti ya sipre nyuma yako. Kisha anakwambia, "Endelea, alikufa lini?" Watu walichukia jambo hilo. Mama yangu alisema mtu wa namna hiyo hata siku ya kiama atamwambia malaika angoje kidogo.

Alikuwa na Kiswahili cha aina mbili. Cha kwanza kilikuwa cha klase, kimepigwa pasi, nacho alikitumia mbele ya wanafunzi na mbele ya inspekta. Cha pili kilikuwa cha hasira, hiki chetu cha milimani, chenye njo badala ya ndiyo na fasi badala ya mahali, na hicho kilitoka chenyewe mtu akimkanyagia ukweli. Hiki ninachoandika nilikipata kwake. Mkikikuta kimechanganyika, mjue vyote viwili ni vyake.

Viatu vyake sasa. Matope ya kwetu Masisi mnayajua, na kama hamyajui, msiyatafute. Direkta alikuwa na viatu vyeusi vya ngozi ambavyo havikuwahi kukanyaga ardhi ya Karuba. Alitembea na bote za plastiki, viatu amevibeba kwenye mfuko kama mtu aliyebeba mayai, na akifika kwenye ngazi ya shule anaketi juu ya jiwe, anavua, anavaa, anapiga brashi, ndipo anapiga kengele. Pasta alimtania siku moja: "Direkta, unafundishaka na miguu?" Akajibu, "Hapana, Pasta, lakini ninasimamaka nayo." Hakucheka. Hakuwa mtu wa kucheka mzaha wake mwenyewe, na mzaha wa wengine hakuusikia kabisa.

Wala msidhani alikuwa mtu wa kujua kila kitu. Mvua ilimshinda. Kila asubuhi alitazama upande wa Mushaki, akakunja uso, akatangaza mvua ao jua, na kila asubuhi alikosea. Mama zetu walimngoja atangaze mvua ndipo waanike maharagi. Alilijua hilo, na halikumwumiza hata kidogo. "Mvua haina tumbo ya kuangalia," alisema, basi yamekwisha.

Halafu kulikuwa na shamba lake la mtama. Huyu aliyetuchapa kwa kurushia ndege mawe, mtama wake ulipoanza kuiva alisimama katikati ya shamba amevaa koti la shule, anarusha madongo na kutukana kwa Kiswahili cha hasira. Tulijificha nyuma ya migomba tukajaza vitambaa midomoni tusicheke kwa sauti. Siku moja alituona. Akashusha mkono, akajifuta vumbi, akasema, "Sayansi inaishia fasi mutama inaanzia." Kisha akarusha dongo lingine.

Sasa niwaeleze ndege wenyewe, maana bila hao sina cha kuwasimulia.

Kwetu milimani kuna vindege viwili vidogo, kila kimoja kinaenea kwenye ngumi ya mtoto. Vyote viwili vina kofia nyeusi kichwani, mgongo wa kijivu wenye mistari myembamba sana, na kiraka chekundu pale mgongo unapokutana na mkia. Vyote vinaning'inia kwenye majani marefu vinakula mbegu, na majani hayainami hata. Ukiviona kwa juu utaapa ni kitu kimoja. Tofauti iko chini. Kimoja ni cheupe tangu kidevuni mpaka chini ya mkia. Kingine kifua ni cha kijivu, kisha tumbo linaingia giza, na chini ya mkia ni cheusi tii, kama kilikalia jungu la bugali. Cheupe kinapenda bustani, pembeni mwa maharagi na mtama. Cheusi kinapenda juu, kwenye mianzi tunayoiita mibambu na ukingo wa pori.

Direkta aliviita Tumbo-Nyeupe na Tumbo-Nyeusi. Aliyetusahihisha kila neno, hapo alisema kama sisi.

Na wazee wetu, tangu zamani, walikuwa na elimu yao juu ya hao ndege. Walisema ni mke na mume. Tumbo-Nyeusi ni bwana, amepanda kukata mibambu, amechafuka masizi. Tumbo-Nyeupe ni bibi, amebaki bustanini. Ukitazama milima yetu asubuhi, wanaume wanapanda na panga, wanawake wanainama kwenye maharagi, utaona kosa hilo lilitoka wapi. Lilikuwa kosa zuri. Hakuna harusi Karuba iliyopita bila msemaji kusimama na kusema, "Bwana arusi, weye njo Tumbo-Nyeusi, usikawie kule juu. Bibi arusi, weye njo Tumbo-Nyeupe, umungoje." Wamama wanapiga vigelegele, watu wanakula.

Mpaka Direkta alipoanza kusimama.

Alisimama kwenye harusi ya kwanza, mimi ni mtoto bado, nimekaa chini na sahani yangu ya wali. Msemaji hajamaliza, Direkta ameinuka. "Bongo!" alisema, yaani uongo. "Ile haiko muke na mume. Ni aina mbili. Tumbo-Nyeusi iko na bibi yake, naye tumbo ni nyeusi. Tumbo-Nyeupe iko na bwana yake, naye tumbo ni nyeupe. Mutu anataka kubisha, kesho asubuhi aje nyuma ya shule, tutaangalia." Bibi arusi akaanza kulia, maana kwetu kusema ndege si mke na mume siku ya harusi ni kama kuzima mshumaa. Mke wake Direkta alimvuta koti akaketi. Harusi iliyofuata akasimama tena. Watu wakaanza kumwalika baada ya hotuba, wakimwambia saa ya uongo, lakini alikuja mapema kwa ajili ya wali.

Ikawa hivyo miaka. Mwishowe alishinda. Wasemaji wakaacha ndege, wakashika mambo ya mafiga matatu na mengineyo.

Alishinda kwa sababu alituonyesha. Asubuhi, umande bado mzito, alitupeleka klase nzima nyuma ya shule, pale majani yalipoachwa yarefuke, akatulaza chali. Chali kweli, migongo kwenye majani mabichi, macho juu. "Ukiangalia ndege kutoka juu, unaangalia nguo yake," alisema. "Lala, umwangalie kutoka chini." Tulilala bila kupumua mpaka vindege vikasahau kwamba sisi ni watu, vikaja vikaning'inia juu ya nyuso zetu. Akauliza kwa kunong'ona, "Dirisha, mbili ao moja?" Nikajibu, "Mbili, Direkta." Naye akasema neno lile ambalo kila mtoto wa Karuba ataingia nalo kaburini: "Nionyeshe."

Mbili ao moja, nionyeshe. Ilikuwa dawa yake ya kila ugonjwa. Mtoto akisema fulani kaiba kalamu, nionyeshe. Ukisema fulani si mwerevu kama wewe, nionyeshe. Mzazi alikuja kusema mtoto wake asiketishwe benchi moja na mtoto wa wakimbizi waliokuja juzi kutoka upande wa pili, eti hao ni watu wengine. Direkta akawaita watoto wote wawili mbele, akamwambia mzazi, "Nionyeshe." Yule mzazi alisema maneno mengi. Watoto walirudi benchi moja.

Tukiamka pale kwenye majani, migongo yetu ilikuwa kijani. Mama zetu walipiga kelele kwa ajili ya mashati meupe. Kwa hiyo Direkta alisimama mlangoni mwa klase na kila aliyepita aliambiwa, "Geuka," naye akampangusa majani mgongoni kwa kiganja, pa, pa, pa. "Mama yako asikasirike." Mtu yule hakumshika mtoto kichwa, hakumpa mtu mkono bila sababu. Ule upanguso ndio ulikuwa upole wake wote, nasi tulijua, ndiyo maana wengine tulijigaragaza zaidi makusudi.

Basi nikakua. Barabarani Mushaki palifunguliwa duka la watu wa Butembo, sabuni, chumvi, betri, vyuma vya pikipiki, na nyuma ya meza ya duka hilo alikuwa Kambale. Sitawaeleza mengi. Nitasema tu kwamba chumvi ilikuwa inatuishia nyumbani haraka sana, mpaka mama akauliza kama ninailisha mbuzi.

Kambale aliposema atawatuma wazee wake, furaha yangu haikulala hata usiku mmoja. Baba yangu alikuwa mtu mpole, na mpole wa namna ile anamwachia mdogo wake kusema. Na mdogo wake ndiye Tablo. Baba mdogo hakumtaka Kambale. Hakuwa mtu mbaya, tena alinipenda, hiyo ndiyo ilikuwa shida. "Bale ni bantu ba duka," alisema. "Leo mulango iko wazi, kesho benye wamefunga, weye utabaki ku barabara na mutoto mugongoni. Tena banasali kwa padri. Tena hatujue kwabo." Nilijua kwamba baba mdogo akikataa mbele ya wageni, baba hatafungua mdomo, na wazee wa Butembo hawatarudi mara ya pili. Mtu mwenye heshima harudi alipofungiwa. Siku ile moja ndiyo ilikuwa yote.

Siku ilipofika walikuja na gari, wamevaa vizuri, wamebeba walivyobeba. Mimi niko jikoni na mashangazi, sikio limegandishwa kwenye ukuta wa mbao. Direkta aliketi karibu na mlango wa sebule, maana ni jirani, na jirani haachwi. Mkononi alikuwa na kikombe cha mashanza, maziwa ya mgando, ambayo aliyapenda kuliko kitu chochote chenye tumbo ao kisicho na tumbo. Mashanza yalitoka kwa ng'ombe za baba mdogo. Kila Jumamosi baba mdogo alimpelekea mwalimu wake chupa nzima, miaka na miaka.

Msemaji wao alisema vizuri, kwa adabu. Kisha baba mdogo akasimama.

"Bageni betu, tunabaheshimu," alianza. "Lakini hapa kwetu tuko na tundege tubili. Kichwa kinafanana. Mugongo unafanana. Banakula majani moja. Mutu wa mbali atasema ni kitu kimoja, na zamani siye benyewe tulisema ni muke na mume. Lakini tulifunzwa. Ni aina mbili. Tumbo-Nyeupe hajengi nyumba na Tumbo-Nyeusi. Si miye nasema. Direkta mwenyewe iko hapa, alitufunza tukiwa batoto, njo maana hata ku arusi hatusemi tena ile bongo."

Mnaona? Lile kosa zuri la wazee lingekuwa upande wangu. Direkta ndiye aliyeliua, harusi baada ya harusi, na sasa mzoga wake uliletwa sebuleni kwetu kunizibia njia. Shangazi yangu alinishika mkono. Nilitaka kumlaani mwalimu wangu.

Baba akageuka taratibu. "Direkta," alisema, "njo vile? Ukisema njo vile, tunafunga maneno, bageni banakula, banarudi kwabo na amani."

Nilimsikia Direkta akimeza.

"Njo vile," alisema.

Nasema kweli, niliketi juu ya gunia la makaa na kitenge changu kipya.

"Ni aina mbili," Direkta aliendelea, na sauti ilikuwa ile ya klase. "Atakayekwambia ni moja, anakudanganya." Akamaliza mashanza. Akapangusa mdomo na leso. Akainuka, na hapo nikasikia viatu, maana kwa heshima ya siku ile alikuwa amevivaa ndani ya nyumba yetu. "Sasa, mwanafunzi. Uliketi wapi?"

Baba mdogo akajibu kama amepigwa na usingizi: "Mbele, Direkta. Karibu na tablo."

"Vizuri. Tablo, wale ndege nilikuonyesha?"

"Ulituonyesha."

"Ulilala chali?"

"Nililala."

"Uliona tumbo na macho yako mwenyewe?"

"Niliona, Direkta."

"Basi. Muite yule kijana hapa katikati. Na Dirisha aache kusikiliza mu jiko, atoke."

Mashangazi walinisukuma. Nilitoka na makaa matakoni, nikasimama kando ya Kambale mbele ya watu wote, macho chini. Direkta alituzunguka mara moja, polepole, mikono mgongoni, kama anavyozunguka majani.

"Mbili ao moja," alisema. "Tablo, nionyeshe."

Baba mdogo alikohoa. "Bale ni bantu ba duka."

"Duka ni fasi ya kusimama. Tumbo-Nyeupe akisimama mu mubambu, tumbo inageuka nyeusi? Nionyeshe."

"Banasali kwa padri."

"Ile ni fasi ya kupiga magoti. Magoti yao yako wapi tofauti? Nionyeshe."

"Kwabo ni mbali."

"Nimekuuliza mwili, unanijibu barabara!" Hapo Kiswahili cha klase kilikwisha, kile kingine kikatoka chote. "Miye nilifundisha ndege! Nani alikwambia nilifundisha bantu? Miaka yote niliangalia chini ya mukia, sasa hawa habana mukia, unataka tuanzie wapi? Unataka tumulaze nani chali hapa?"

Kutoka jikoni shangazi yangu mkubwa, mjane, mwenye sauti ya ngoma, akaita, "Tablo, njoo utuonyeshe basi!" Ikawa imekwisha. Mzee wa Butembo ndiye aliyeanza kucheka, akifunika mdomo na kofia. Kisha baba. Baba yangu mpole alicheka mpaka machozi, na mtu aliyecheka namna ile mbele ya wageni hawezi tena kuwafukuza. Baba mdogo alisimama katikati ya kicheko, kisha akaketi.

"Leson imekwisha," Direkta alisema, akarudi kwenye kiti chake na kutazama ndani ya kikombe kilicho tupu.

Jumamosi iliyofuata chupa ya mashanza haikufika kwake. Wala ile nyingine. Baba mdogo hakumpelekea tena mwaka mzima na zaidi, na Direkta hakuuliza. Mke wake alinisimulia kwamba Jumamosi asubuhi alikuwa anaketi mlangoni, anatazama njia, kisha anasema mvua itanyesha, anaingia ndani. Mimi nilikuwa nimekwisha kuolewa, tukahama na Kambale kwenda Walikale kufungua duka letu wenyewe, na katika haraka ile ya vifurushi na safari sikumpa hata aksanti. Nilisema nitarudi Pasaka. Halafu vita vikaja, mambo ya kwetu mnayajua. Milima ikafungwa, ikafunguliwa, ikafungwa tena.

Kisha Karuba ikamwagika barabarani, na watu wakaja kwa miguu, kwa pikipiki, kwa jinsi kila mtu alivyoweza. Mteja mmoja dukani, anachagua sabuni, akanambia kuna mzee ameletwa kwa binti yake nyuma ya soko, haoni vizuri, lakini anagombeza watu wanaopiga kelele karibu na ua. "Tena anabeba viatu mu mufuko," aliongeza, "hataki mutu abiguse."

Niliacha duka wazi, nikatoka kutafuta maziwa. Kambale alinipigia kelele nyuma, "Unaenda wapi?"

Mashanza Walikale ni ndoto, ng'ombe hazishuki porini. Nilichukua maziwa ya unga, nikayagandisha kadiri nilivyoweza, siku mbili, nikayafunga kwenye chupa. Nilivaa kitenge changu kizuri. Nilimkuta ameketi nyuma ya nyumba, mbele ya ua wa majani marefu ambayo binti yake hajayakata, na najua ni nani aliyemkataza. Macho yake yalikuwa na ukungu mweupe. Mfuko wa viatu ulikuwa mapajani.

"Hodi, Direkta."

Aliinua uso. Hakungoja niseme tena.

"Dirisha," alisema.

Nilimpa chupa. Alionja, akashikilia mdomoni, akameza kwa heshima. "Hii haiko mashanza," alisema. "Nani alikudanganya?" Lakini aliendelea kunywa.

Nikamwambia nimekuja kutoa aksanti. Ya nini? Ya ile siku, Direkta, nyumbani kwa baba. Nikamwambia tuko na watoto watatu, duka linaenda, Kambale hajafunga mlango wala kunibwaga barabarani, tena ni yeye anayeamka usiku mtoto akilia. Nikamwambia baba mdogo mwenyewe tulimpokea hapa alipokimbia, alilala kwetu, na Kambale alimnunulia blanketi. Nilisema vyote kwa mara moja kama mtu anayekimbiza mvua.

"Ile aksanti haiko yangu," alisema. "Miye nilitetea ndege. Tablo alibatia mu kinywa yake vibaya."

"Njo vile, Direkta."

Aligeuza chupa mikononi.

"Dirisha, iko kitu moja sikusema ile siku."

"Kitu gani?"

"Nyuma ya kanisa, mu sipre. Mwaka ule mbele ya ndoa yako. Kiota kimoja tu, cha majani, mulango pembeni. Tumbo-Nyeusi anaingia. Tumbo-Nyeupe anatoka. Wanalisha batoto bamoja. Nilirudi kesho yake, nikalala chali mu matope na koti yangu, nikaona tena vile vile. Kisha mvua ikaangusha kiota." Akatikisa kichwa. "Mara moja tu mu maisha yangu yote. Sikumwambia mutu, hata bibi yangu."

Nilisimama. "Direkta! Unakumbuka ulisema nini? Ulisema njo vile! Miye nilianguka ku makaa! Na ulikuwa umeona?"

"Ni aina mbili. Kiota kimoja hakigeuze hiyo."

"Lakini ungesema tu kile kiota, baba mudogo angemalizika pale pale! Ungeendelea kukunywa mashanza yako!"

"Angemalizika," alikubali. "Angesema, basi, ndege bamekubali, na siye tukubali. Kisha mwaka mwingine binti ya mutu anataka kuolewa, mutu analeta ndege ingine. Ao nyoka. Ao mbuzi." Akapapasa mfuko wa viatu kama kwamba kimoja kimetoka. "Sikutaka uolewe na ruhusa ya ndege, Dirisha."

Nililia. Sioni haya kuliandika. Mtu huyu hakuwahi kuuliza jina langu, na alikuwa amefunga ndani yake kitu kizuri kuliko vyote alivyoona, akakaa nacho pamoja na kiu yake ya Jumamosi, ili mimi nisiwe na deni kwa mnyama yeyote. Nilisema tu aksanti, Direkta, aksanti sana, aksanti, na safari hii hakuirudisha.

Kisha akainua kidole.

Nikanyamaza. Kwenye majani kulikuwa na kasauti kembamba, tsi, tsi, kakahama kutoka shina hadi shina.

"Ndege ya hapa Walikale sijui," alinong'ona. "Toka nifike ninasikia tu. Binti yangu anasema ni kandege, kandege gani hajue. Angalia."

Niliangalia. Kofia nyeusi, mgongo wa kijivu, kiraka chekundu. Kwa juu, kama kawaida, hakuna kitu unachoweza kusema.

Basi nikavua viatu, nikakunja kitenge changu kizuri kati ya magoti, na mimi mama wa watoto watatu, mwenye duka, nikalala chali kwenye majani mabichi nyuma ya soko la Walikale. Jirani aliyekuwa anatwanga majani ya sombe aliacha mchi hewani. Nilimsikia akimwuliza binti wa Direkta kama aite mganga ao pasta. Sikupumua. Kandege kakashuka, kakaning'inia juu ya pua yangu, nikakaona kote, kuanzia kidevuni mpaka chini ya mkia.

"Nyeupe, Direkta."

"Nionyeshe."

Niliinuka polepole. Nikachukua mkono wake, nikakunja vidole vingine, nikanyoosha kile kimoja kuelekea lile shina, nikakishikilia hapo. Alikaza macho yale yenye ukungu, akatazama kwa uso mzima mahali kidole chake kilipoelekea, mpaka kasauti kakaruka na kuondoka.

"Njo vile," alisema.

Kisha akaupapasa mkono wangu, akafika kwenye bega, akasikia unyevu na majani.

"Geuka," alisema. "Mama yako asikasirike."

Mama yangu tulimzika hapa Walikale mwaka wa kwanza wa vita hivi vya sasa. Sikumwambia Direkta. Niligeuka, nikasimama, naye akanipangusa mgongo.